Jua la Uani Mwezi wa Saba

Watu wa Njombe na Makete hutucheka tukisema Dar kuna baridi. Ninao wateja wa huko wanaokuja kununua vitenge dukani kwangu Kariakoo. Wakinikuta mwezi wa nane nimevaa sweta, wananiuliza naumwa nini. Nawaambia siumwi, ni kipupwe. Wanacheka mpaka wanashika meza. Sibishani nao, kwa sababu baridi yetu kweli si ya kujisifia. Inaingia mvua za masika zikishamalizika, inakufanya uvute shuka mpaka masikioni alfajiri, na ikifika saa sita mchana umeshaisahau. Mimi nina miaka hamsini na tatu, nimezaliwa mjini hapa hapa, lakini kipupwe nimekijua hii mitatu ya mwisho tu.

Kabla ya hapo kilikuwa kinanipita. Nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi ili niwahi wateja wa mikoani wanaposhuka kwenye mabasi, na kurudi baada ya magharibi na miguu imevimba. Kutoka kwetu, nyuma ya Msimbazi, mpaka dukani ni mwendo wa dakika kumi na mbili, na zote nilizitumia kupiga simu. Watoto wetu wawili walishajitegemea, mmoja yuko Mwanza, mwingine Dodoma. Aliyebaki ndani ni mume wangu. Yeye alikuwa dereva wa winchi bandarini kwa miaka thelathini, na wakati huo alikuwa na miaka miwili tangu astaafu.

Jumapili moja mwishoni mwa mwezi wa sita tulikuwa uani tunakunywa chai. Nikaona kwenye kona, karibu na bomba, kuna mrehani umeota kwenye ndoo iliyokatwa, umefika magotini na una harufu nzuri.

"Huu umeupanda lini?" nikamuuliza.

Akanitazama kidogo. "Mwaka wa pili huu."

"Mbona sijauona?"

"Mama," akasema, "wewe nyumba hii huijui."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekwambia kwamba chai imepoa. Lakini maneno yale yalinikaa kooni siku mbili nzima. Nyumba ile waliijenga babu zake, ndio, lakini bati lake nimelibadilisha mimi, sakafu nimeiweka mimi, na kuta zote nimezipaka rangi mimi kwa jasho la vitenge. Nitaambiwaje siijui? Mimi nikiguswa mahali kama hapo silalamiki, najibu kwa vitendo. Jumatano nikamwambia mdogo wangu, ambaye tumefanya kazi pamoja dukani miaka tisa, kwamba mwezi wa saba wote sitakuja.

"Unaumwa?" akauliza.

"Siumwi."

"Mna ugomvi?"

"Hatuna. Nataka kukaa nyumbani kwangu."

Akanyoosha mkono nimpe funguo, haraka kidogo kuliko nilivyopenda.

Siku ya kwanza niliamka saa kumi na moja kama kawaida, nikabaki nimelala nikitazama dari. Nje nilisikia adhana, kisha muuza maandazi akipita, kisha milango ya chuma ya maduka ikianza kupandishwa mmoja mmoja kuelekea sokoni. Kila mlango ulionipigia kelele ulinivuta nitoke kitandani. Mume wangu aliamka kabla yangu. Nilimsikia akichochea mkaa uani, akachemsha maji, akayabeba mpaka bafuni.

"Maji yako ya moto tayari," aliniambia akiwa mlangoni.

Miaka yote nilikuwa naoga maji baridi, tena kwa haraka, kwa sababu kusubiri maji yachemke ni kuchelewa. Asubuhi ile nilioga maji ya moto polepole, nikatoka nimejifunga khanga mbili na mvuke unanitoka mabegani. Nikakuta uji wa mchele mezani, umepikwa na tui, iliki na pilipili manga. Ulikuwa mtamu kuliko ninaoupika mimi. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini nikajizuia, maana bado nilikuwa na hasira yangu ya Jumapili.

Nikachukua ufagio. Akanipokonya. "Kaa," akasema. Nikaenda jikoni kutazama maharage. Akanitoa. "Hayataki haraka hayo, yaache." Nikampigia simu mdogo wangu. Nikampigia tena baada ya nusu saa. Mara ya tano akaniambia, "Dada, nikikuhitaji nitakupigia mwenyewe," akakata.

Basi nikakaa.

Lazima nieleze uani kwetu palivyo. Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili ya zamani, vyumba sita vinavyotazamana na korido katikati, na nyuma kuna uani wenye jiko, bafu na bomba. Upande wa kusini wamejenga jengo la ghorofa kumi na moja, maduka chini na stoo juu. Tangu lilipokamilika, uani kwetu pamekuwa kama ndani ya kisima. Nguo zilikuwa hazikauki, nami nilishakubali kwamba jua tumenyang'anywa. Upande wa pili, upande wa kibla, limebaki jengo dogo la ghorofa moja tu, la familia za Kihindi, lenye roshani inayotazama uani kwetu.

Ilipofika saa tatu na nusu, nikiwa nimekaa kwenye kigoda bila la kufanya, mume wangu alitoka na mkeka akautandika sehemu ambayo sikuona sababu yake, karibu na ukuta wa jiko. Akaleta mito. Kisha akasimama, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri mgeni. Dakika chache baadaye mwanga ukatokea juu ya paa la lile jengo dogo, ukashuka ukutani taratibu, ukaangukia mkeka.

"Jua limetoka wapi?" nikauliza.

"Kipupwe jua linahamia kibla," akasema. "Linapita juu ya hawa wafupi. Likirudi kusini mwezi wa kumi, yule mrefu analimeza. Lakini sasa hivi ni letu mpaka adhuhuri."

Tukakaa juani. Wapo watakaoniambia jua la Dar si kitu cha kutamani mtu mwenye akili zake. Hao hawajakaa kwenye jua la mwezi wa saba baada ya alfajiri ya baridi, mgongo ukutani, umemenya chungwa la Muheza na mikono inanukia ganda. Jua lilipanda miguuni, likafika magotini, likaingia kwenye viungo vile vilivyosimama nyuma ya meza ya duka miaka yote. Kila baada ya muda mume wangu aliuvuta mkeka kidogo kulifuata. Alijua mahali litakapofika kabla halijafika. Nikaona kwamba ameishi miaka miwili ndani ya nyumba yangu akiwa na mambo yake yote haya, na mimi nimekuwa nikilala humo tu.

Siku zikaenda hivyo. Wiki ya kwanza nilikuwa na wasiwasi, ya pili nikalainika. Nilijifunza kuacha maharage yachemke kwa saa tatu mpaka yakajitengenezea mchuzi mzito yenyewe. Tulikula magimbi ya nazi. Tulikunywa chai ya tangawizi mpaka ulimi ukawaka. Mchana nilianza kufuma vitambaa, kazi niliyoiacha nikiwa msichana, nikakuta mikono bado inakumbuka.

Na nikamjua jirani yetu. Kwenye ile roshani alikuwa anaishi bibi mmoja wa Kihindi, mjane, mwenye miaka karibu themanini, nywele nyeupe zilizosukwa msuko mmoja mwembamba. Mimi na yeye tulikuwa tukiamkiana tu nikikutana naye barabarani anapokwenda hekaluni. Kumbe yeye na mume wangu walikuwa na kikapu. Kikapu kidogo cha ukili, chenye kamba. Bibi alikishusha asubuhi kikiwa na chapati zake nyembamba zenye majani ya uwatu, na mume wangu alikipandisha kikiwa na magimbi, au machungwa, au majani ya mrehani. Kabla ya kushusha, bibi aligonga chuma cha roshani kwa kijiko. Mume wangu alikuwa anainua kichwa, wanapungiana mikono, kikapu kinashuka.

Siku moja ya wiki ya pili mume wangu alikwenda Feri kununua samaki. Nilikuwa peke yangu uani, nafuma. Kijiko kikagonga chuma, tena kwa nguvu. Nikainua kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mzee yuko wapi?"

"Kaenda Feri. Atarudi sasa hivi." Kikapu kikashuka, nikakipokea. Nikamtania kidogo, "Lakini mama, si ungeita tu? Unagonga kama askari wa jiji."

"Nikiita hasikii," akasema. "Lile sikio la kushoto limekufa kabisa, na la kulia linasikia nusu. Mimi nagonga chuma, anasikia, anatazama juu, ndipo tunaongea. Anasoma midomo." Halafu akaniangalia vizuri. "Si unajua lakini?"

"Najua," nikasema.

Nilidanganya. Nilisimama pale na chapati za watu mkononi, nikamdanganya mwanamke mzima, kwa sababu sikuweza kumwambia kwamba yeye wa juu amejua na mimi ninayelala na Mzee kitanda kimoja sijui.

Bibi akaingia ndani. Mimi nikakaa kwenye mkeka na jua lilikuwa limeshaniacha, nikabaki kivulini. Nilikuwa nakumbuka. Kwa miaka miwili mitatu nilikuwa nikiamini mume wangu amechoka na mimi. Nilikuwa nasema jambo asubuhi, hajibu. Nasema jingine usiku akiwa amelala ubavu, hajibu. Nikawaza, ndivyo wanaume wanavyozeeka. Nikawaambia hata wenzangu dukani, "Wangu amekuwa bubu." Walicheka, nami nikacheka. Na niliacha kumwambia mambo, moja baada ya jingine, mpaka ikabaki umekula, umefunga mlango, luku ya umeme imebaki kiasi gani.

Alirudi na vibua, akaketi kwenye kigoda kuwaparua. Nikaenda kukaa upande wake wa kushoto.

"Wametoka wapi vibua wazuri hivi?" nikasema kwa sauti ya kawaida.

Kisu kikaendelea. Magamba yaliruka.

Nikasimama, nikazunguka, nikakaa kulia kwake. "Wametoka wapi vibua wazuri hivi?"

"Mashua ya mwisho," akajibu. "Nilisubiri."

Nikainama mbele nikalitazama sikio lake la kushoto. Akainua uso, akaona ninachotazama, akaweka kisu chini.

"Nani kakuambia?"

"Bibi wa juu."

Akatazama roshani, akafuta mikono kwenye kitambaa, polepole.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Limeanza kazini. Ile mitambo. Nilipostaafu ndipo likakata kabisa."

"Na hukuniambia."

"Nilikuambia."

"Hukuniambia, Mzee."

"Nilikuambia asubuhi moja. Ulikuwa unatafuta funguo za duka. Ukasema, haya, tutaongea jioni." Alisema bila lawama, na hilo ndilo lililoniumiza. "Jioni ulikuja umechoka. Nikaona si ugonjwa wa kufa."

Sikumbuki asubuhi ile. Nimeitafuta kichwani mara nyingi na sijaipata, lakini siwezi kubisha. Nilikuwa natafuta funguo kila asubuhi.

Nitasema jambo moja kuhusu nafsi yangu: sikai kwenye aibu muda mrefu. Nililia kidogo, nikanawa uso bombani, nikarudi nikamwambia asiguse samaki, nitawakaanga mimi, na kesho yake tunaenda hospitali. Akasema hataki hospitali. Nikasema sikumuuliza kama anataka. Akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake kwa muda, kina mkwaruzo kama mlango wa zamani.

Tulikwenda. Daktari alikuwa binti mpole, umri wa mwanetu wa pili. Alitoa uchafu kwenye sikio la kulia, akampima, akatuambia ukweli: la kushoto halirudi, la kulia litasaidiwa na kifaa. Tulikipata kifaa baada ya wiki chache. Hadi leo mume wangu anakivaa siku ya Ijumaa anapokwenda kusikiliza hotuba msikitini, na siku timu yake inapocheza ili amsikie mtangazaji wa redio. Siku nyingine kinalala kwenye kisanduku. Anasema Kariakoo ina kelele nyingi mno za kuzilipia betri.

Lakini kilichokuwa kikubwa kwangu hakikutokea hospitali. Kilitokea uani, wiki ya mwisho ya mwezi ule. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu, jua lilichelewa, tukakaa karibu na jiko la mkaa tumejifunika shuka moja. Mimi nilikuwa kulia kwake. Nilishahama upande hata kitandani.

Nikamwambia, "Kuna kitu nilikuambia siku ya arobaini ya mama yangu, hukunijibu. Nimekuwekea kinyongo mpaka leo."

"Ulisema nini?"

Mama yangu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Siku ya arobaini, wageni walipoondoka na masufuria yameoshwa, nilikaa kitandani nikamwambia mume wangu kwamba nimemkumbuka mama mpaka kifua kinauma. Alikuwa amelala chali, macho wazi, hakusema neno. Nikageukia ukutani. Tangu siku ile kuna mlango niliufunga.

Nikamrudia maneno yale yale, uso kwa uso, ayaone na kuyasikia. Kuyasema mara ya pili kulikuwa kugumu zaidi.

Alikaa kimya, na safari hii nilijua ni kimya cha mtu anayefikiri. Akasema, "Alikuwa ananifichia ukoko."

"Nini?"

"Mama yako. Kila tulipokwenda kwake kula wali, alikuwa anakwangua ukoko chini ya sufuria, anaufunika kwenye bakuli, ananipa jikoni ninyi mkiwa sebuleni. Aliniambia nisiwaambie, mtagombania." Akachochea mkaa. "Tangu afe sijala ukoko. Nikiuona nauacha kwenye sufuria."

Mimi niliyekuwa nikiosha masufuria yale, nikiloweka ukoko na kuumwaga, nilidhani hapendi tena. Nikaegemea bega lake. Tukamzungumzia mama yangu asubuhi nzima: alivyokuwa akifunga kilemba, alivyogombana na muuza nyanya na kisha kumuuguza. Mambo mengine ya mama yangu mwenyewe nilikuwa siyajui, ameniambia mume wangu. Ilipofika mchana nikapika wali, nikauacha moto makusudi, ukoko ukashika mzito wenye rangi ya kahawia. Tukala pamoja kwa mikono, kwenye sufuria.

Mwezi wa nane nilirudi dukani. Mimi ni mfanyabiashara na naipenda kazi yangu, sitajifanya mtu mwingine. Nilikuta mdogo wangu ameuza vizuri kuliko nilivyouza mimi mwezi kama huo, amepanga vitenge kwa rangi badala ya bei, na wateja wanamwulizia yeye. Niliumia dakika tano, kisha nikaona ni bahati. Tukagawana: asubuhi anafungua yeye, mimi naingia saa nne. Na mwezi wa saba si wa duka. Wateja wa Njombe wameshazoea. Wanamwuliza mdogo wangu, "Dada yenu yuko kwenye baridi yake?" Anawajibu yupo.

Kuna dalali aliyekuja mara mbili kutaka nyumba yetu, wajenge ghorofa kama la jirani. Mara ya pili alinikuta juani. Alizungumza kwa ustadi sana kuhusu thamani ya kiwanja. Nilimkaribisha chungwa, akala, nikamwambia hapana. Alimgeukia mume wangu, akaanza upya kwa upande wa kushoto. Nilimwacha aongee mpaka amalize.

Mwaka huu lilitokea jambo jipya. Bibi wa juu alikuwa amekohoa wiki nzima, kijiko hakikugonga siku tatu. Siku ya nne nilipanda ngazi kumtazama. Nilimkuta amejikunja kwenye kiti na mashali mawili. Roshani yake inatazama kusini. Jua lote la kipupwe linapita juu ya paa lake, linaangukia kwetu, na yeye amekuwa akilitazama kutoka juu miaka yote, amekaa kwenye kivuli.

"Mama, tushuke," nikamwambia.

"Miguu yangu na ngazi hizi?"

"Mimi nipo."

Tulishuka ngazi moja moja, kwa muda wa robo saa, akiwa ameshika bega langu. Mume wangu alikuwa ameshatoa kiti chenye mgongo akakiweka katikati ya mwanga. Bibi akakaa, akavua ndala, akanyoosha miguu yake miembamba. Alitulia, akafumba macho, akasema neno kwa lugha yao, sikulielewa. Kisha akasinzia, mdomo wazi kidogo, msuko wake begani.

Mume wangu alitaka kusema kitu. Yeye sauti yake ni kubwa, na mwenyewe hajui. Nikaweka kidole mdomoni. Akaelewa, akavuta sinia la njegere, tukaanza kumenya.